Kompyuta Ikiganda Usikimbilie Kuua! Fahamu Maisha ya Mchakato, Toka Kuzaliwa Mpaka Kufa

Huku Tukuyu mvua haijakata toka juzi, ukungu umeshuka mpaka stendi, nami nimejifungia ndani na sweta langu na kikombe cha chai ya hapa hapa Rungwe ili nimalizie makala hii. Mada ya leo ni ya kitehama, lakini msikimbie. Inamhusu kila mtu aliyewahi kukaa kwenye intaneti kafe, kompyuta ikaganda, akaanza kubofya kila kitufe huku dakika zinakwenda na hela inakwenda.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha sita nilishika kazi ya kukaa kaunta kwenye kafe moja ya hapa mjini. Kompyuta nane, zote za mtumba. Jioni moja akaja dada mmoja kutoka upande wa Mwakaleli. Alikuwa anaandika barua ya kuomba nafasi ya masomo pamoja na maelezo yake binafsi, kurasa nne, na mwisho wa kutuma ulikuwa usiku ule ule. Alikaa kama saa mbili akichapa kwa vidole viwili. Ghafla dirisha likapauka, mshale ukageuka duara linalozunguka, na kule juu pakatokea maneno "Not Responding".

"Kaka, imestaki," akaniambia.

Mimi kwa kujiamini kabisa nikaenda, nikabonyeza Ctrl+Alt+Del, nikaichagua programu yake, nikapiga End Task. Dirisha likapotea. Kompyuta bado ilikuwa nzito, basi nikaizima na kuiwasha upya. Ilipowaka barua haikuwepo. Hakuwa ameihifadhi hata mara moja, na mimi sikumuuliza. Gari ya mwisho ya kurudi kwao ilikuwa inakaribia kuondoka. Akasema, "Basi kaka, sio riziki," akafunga mkoba wake, akaenda zake. Hela yake sikuichukua, lakini hilo halikumsaidia kitu.

Baadaye, nilipoanza kusoma jinsi mfumo endeshi unavyofanya kazi, ndipo nilipojua kwamba ile kazi haikuwa imekufa. Niliiua mimi. Tena niliiua mara mbili, nitawaeleza mbele. Ndio maana nasema kuganda sio kufa, na anayejua tofauti hiyo anaweza kuokoa kazi yake au ya mwenzake. Haya, twende kazi!

PROGRAMU NI KITU KIMOJA, MCHAKATO NI KINGINE

Wengi wetu tunachanganya hapa. Programu ni faili lililolala kwenye diski. Halifanyi chochote, hata kompyuta ikizimwa lipo tu. Mchakato (wengine wanaita prosesi) ni ile programu ikiwa inaendeshwa.

Chukulia bibi yako anavyojua kupika mbalaga. Ujuzi ule uko kichwani, na kama ndizi bado ziko mgombani hakuna atakayeshiba. Siku akiwasha moto, akateleka sufuria, akaanza kukoroga, hapo ndipo kuna upishi. Programu ni ule ujuzi, mchakato ni ule upishi wenyewe. Na kwa ujuzi ule ule mmoja anaweza kuteleka sufuria tatu kwa pamoja. Ndio maana ukiangalia Task Manager unakuta jina la programu moja limejirudia mara sita au saba. Usidhani ni virusi! Programu za kuperuzi za siku hizi huwa zinaanzisha michakato mingi kwa makusudi, ili ukurasa mmoja ukiharibika usiangushe mingine yote.

Kila mchakato mfumo endeshi unaufungulia kama jalada lake. Ndani ya jalada kuna namba yake ya utambulisho (inaitwa PID), nani mwenye nao, sehemu gani ya kumbukumbu ya RAM umepewa, mafaili gani umeyafungua, na umefikia wapi kwenye maagizo yake. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, mtaliona mbele.

Kwa wanaosema mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo lugha inaweza, ni sisi tu.

KUZALIWA: KILA MCHAKATO UNA MZAZI

Mchakato hauibuki hewani. Unazaliwa na mchakato mwingine. Ukibofya picha ya programu kwenye Windows, kwa kawaida mchakato unaoitwa explorer.exe, yaani ule unaokuonyesha meza ya kazi na mafolda, ndio unaouomba mfumo uzae mchakato mpya. Kwa hiyo huo unakuwa mzazi wake.

Kwenye ukoo wa Unix utaratibu ni wa ajabu kidogo. Unix ilianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, wakiongoza akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akaanza kuandika Linux kwa kufuata mtindo ule ule. Huko mchakato unazaa kwa kujinakili: unatoa amri ya fork, na badala ya mmoja wanakuwa wawili wanaofanana karibu kila kitu isipokuwa namba. Kisha mtoto anatoa amri ya exec, anavua nguo za mzazi na kuvaa programu nyingine kabisa. Na wala kumbukumbu ya mzazi hainakiliwi yote papo hapo. Wanatumia pamoja mpaka mmoja atake kubadilisha kitu, hapo ndipo kile kipande tu kinanakiliwa. Ni akili ya kubana matumizi.

Kwetu sisi wa Rungwe habari hii sio ngeni. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na vijiji vya marika. Mvulana akifika umri wa miaka kumi hivi alitoka kwa baba yake, akaenda na wa rika lake kujenga vibanda vyao pembeni. Mtafiti Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Kijana alilala kwake, ila chakula alikwenda kula kwa mama yake na jembe alishika kwenye shamba la baba. Ametoka lakini hajakatika. Mchakato mtoto nao uko hivyo hivyo: una namba yake na kazi yake, lakini mzazi ndiye anayetakiwa kupokea taarifa zake siku ukimaliza.

Ukifuata ukoo kwenda juu kwenye Linux utafika kwa mchakato namba 1, ambao keneli inauanzisha kompyuta inapowaka. Huo ndio babu wa wote. Kwenye Linux nyingi za sasa unaitwa systemd, zamani uliitwa init.

FOLENI: MASHINE MOJA, MADEBE MENGI

Sasa swali. Kompyuta yako ina prosesa moja, labda yenye viini viwili au vinne. Lakini michakato iliyo hai ni mia moja na zaidi. Inatosha vipi?

Nenda mashine ya kusaga asubuhi. Mashine moja, watu ishirini na madebe yao. Kama mwenye mashine angesaga debe la kwanza mpaka liishe ndio aguse la pili, mwenye kisado cha uji wa mtoto angesubiri mpaka mchana. Sasa fikiria anasaga kidogo kidogo: kikombe cha huyu, kikombe cha yule, tena anazunguka kwa kasi ya ajabu mpaka kila mtu anaona kama debe lake ndilo linasagwa muda wote. Kompyuta inafanya hivyo. Kila mchakato unapewa kipande kidogo cha muda, milisekunde chache tu, kisha saa ya ndani inapiga, mfumo endeshi unausimamisha, unaandika kwenye jalada umefikia wapi, unaita mwingine. Ukifika tena zamu yake unaendelea pale pale ulipoachia. Wenyewe haujui hata kama ulisimamishwa!

Haikuwa hivi siku zote. Serikali yetu ilikuwa na kompyuta pale Hazina tangu mwaka 1965, na kwa kawaida mashine za zama hizo zilifanya kazi moja mpaka mwisho ndio ianze nyingine. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo ilikuja kuondolewa baadaye. Kwa hiyo wakati wenzetu wanazoea kuendesha kazi nyingi kwa pamoja, sisi wengi hata kuigusa kompyuta ilikuwa ndoto.

Hata hizi za nyumbani zilichelewa. Kwenye Windows 3.1 programu zake zilikuwa zinaachiana prosesa kwa hiari. Programu moja ikiwa na roho mbaya, ikakataa kuachia, zote zinakwama. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, ndiyo iliyowaletea watumiaji wa kawaida wa Windows utaratibu wa kunyang'anya: muda wako ukiisha, umeisha, upende usipende.

Basi kwa wakati wowote mchakato unakuwa kwenye moja ya hali hizi tatu:

1. Unaendeshwa. Uko kwenye prosesa sasa hivi.
2. Uko tayari. Una kila kitu, unasubiri zamu tu.
3. Unasubiri. Umeomba kitu, labda faili kutoka diski, data kutoka intaneti, au wewe ubonyeze kitufe, na mpaka kije hauna cha kufanya. Ukipewa prosesa saa hiyo ni kupoteza muda, kwa hiyo mfumo unaulaza pembeni.

Wengi hawajui kwamba michakato karibu yote kwenye kompyuta yako iko kwenye hali ya tatu. Imelala inasubiri. Ndio hali ya kawaida kabisa ya mchakato, sio ugonjwa.

KUGANDA: KILITOKEA NINI JIONI ILE?

Sasa turudi kwa yule dada. Kompyuta ile ilikuwa na RAM ndogo. Kabla yake alikaa kijana aliyefungua miziki na kurasa kibao za mpira, akaondoka bila kufunga. Programu ya kuzuia virusi nayo ilikuwa imeanza kukagua diski. RAM ikajaa.

RAM ikijaa mfumo endeshi haukati tamaa. Unachukua vipande vya kumbukumbu ambavyo havijaguswa muda mrefu, unavihamishia kwenye diski, unampa nafasi mwingine. Mwenye vipande akivihitaji, anasubiri virudishwe. Tatizo diski, hasa zile za sahani inayozunguka, ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM. Michakato mitano ikianza kunyang'anyana RAM, huyu anatolewa yule anaingizwa, kompyuta inashinda inahamisha mizigo badala ya kufanya kazi. Ni kama kosta ambayo kila kituo abiria wote washuke ili mmoja wa kiti cha nyuma atoke.

Na yale maneno "Not Responding"? Windows inaandika hivyo dirisha likikaa sekunde 5 bila kupokea ujumbe wake, mfano mibofyo yako. Hata ule weupe unaouona ni Windows yenyewe inaweka picha ya muda juu ya dirisha ili angalau uweze kulisogeza. Maana yake ni kwamba mchakato haujaitika kwa sekunde 5 zilizopita. Haina maana kwamba umekufa! Barua ya yule dada ilikuwepo, herufi kwa herufi, ndani ya kumbukumbu ya mchakato ule. Ilikuwa inasubiri diski. Taa ya diski ilikuwa inawaka mfululizo mbele ya macho yangu, na mimi sikujua inasema nini. Ningeagiza chai nikanywa, au ningefunga zile kurasa za mpira, kuna uwezekano mkubwa ingerudi yenyewe.

KUFA: KUNA KUOMBWA NA KUNA KUUAWA

Mchakato unaweza kufa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kumaliza salama. Unafunga programu, inakuuliza kama unataka kuhifadhi, inafunga mafaili yake, inatoa amri ya exit na kuacha namba ya taarifa kwa mzazi. Sifuri maana yake mambo yamekwenda vizuri, namba nyingine maana yake kuna kasoro.

Ya pili ni kuombwa. Kwenye Linux ukiandika kill na PID, jina linatisha lakini kinachotumwa ni ishara namba 15: "tafadhali maliza". Mchakato unaweza kuipokea, ukahifadhi vitu vyake, ndio uondoke.

Ya tatu ni kuuawa. Hiyo ni kill -9. Ishara namba 9 mchakato wenyewe hauipati kabisa. Mfumo endeshi unauondoa moja kwa moja, na kila kilichokuwa kwenye RAM yake kinapotea. Hakuna wosia.

Kwenye Windows XP na Windows 7 tofauti hiyo ilikuwa kwenye vitufe viwili. End Task ya ukurasa wa Applications ilianza kwa kuiomba programu ifunge, isipojibu ndio unaulizwa kama uikate. End Process ya ukurasa wa Processes ilikata papo hapo. Mimi jioni ile niliulizwa na kompyuta "umalize sasa?" nikajibu ndiyo bila hata kusoma. Huko ndiko kuua mara ya kwanza.

Mara ya pili ni hii, nayo inaniuma zaidi. Programu nyingi za kuandikia huwa zinaweka nakala ya dharura kila baada ya dakika kadhaa, Word kwa kawaida ni kila dakika 10. Mchakato ukifa, ukiifungua tena programu, mara nyingi inakuletea nakala ile. Kwa hiyo barua, au sehemu kubwa yake, huenda ilikuwa kwenye diski inatusubiri. Lakini mimi nikawasha upya. Na kafe nyingi, ikiwemo ile yetu, zinaweka programu inayorudisha kompyuta kama ilivyokuwa kila inapowashwa, ili kufuta virusi na takataka za wateja. Ikaifuta na nakala ya dada wa watu. Laiti ningefungua tena bila kuzima!

MISUKULE NA MAYATIMA

Hapa ndipo wengi hucheka. Kwenye Linux mchakato ukishakufa jalada lake halifutwi mara moja. Linabaki mpaka mzazi aje asome ile namba ya taarifa, kwa amri ya wait. Kama mzazi ni mzembe haji, jalada linabaki kwenye orodha: mchakato umekufa lakini jina bado lipo. Wenyewe wanauita zombi, kwa Kiswahili chetu ni msukule. Kwenye orodha unaonyeshwa kwa herufi Z. Msukule hauli prosesa wala RAM ya maana, ila unakalia namba, na namba zina mwisho: kwenye Linux nyingi za miaka mingi kikomo cha PID kilikuwa 32768. Misukule ikizidi sana, hakuna mtoto mpya atakayezaliwa. Na ukiupiga kill -9 haufi, maana ulishakufa! Dawa ni mzazi atimize wajibu wake, au mzazi mwenyewe aondolewe.

Mzazi akifa kabla ya mtoto je? Mtoto anakuwa yatima, lakini kwenye Linux hatupwi. Kwa kawaida anachukuliwa na yule babu, mchakato namba 1, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwapokea mayatima na kusoma taarifa zao wakifa. Ni kama ilivyokuwa kwa Wanyakyusa wa enzi zile, baba akifariki mdogo wake anashika nafasi yake, nyumba haikosi mtu. Kwenye Windows hakuna kulea huko. Mzazi akiondoka mtoto anaendelea kivyake.

Kuna mwingine mkaidi, wa herufi D. Huyo anasubiri kifaa, mfano flashi mbovu au diski inayokufa, na amelala usingizi ambao hata kill -9 inangoja mpaka kifaa kijibu. Ukiona hivyo angalia kwanza flashi yako.

KWENYE SIMU KUNA MUUAJI WA KIMYA KIMYA

Wengi mnasoma hapa kwa simu, kwa hiyo msijione mmepona. Android imejengwa juu ya keneli ya Linux. Programu zako zinazaliwa kwa fork kutoka kwa mchakato mmoja uitwao Zygote, wale wa biolojia mnaikumbuka zaigoti. Tofauti ni kwamba Android haingoji wewe ufunge. RAM ikipungua yenyewe inachagua wa kufa, ikianza na wale wasio na umuhimu: programu ulizoziacha nyuma zinaondoka kwanza, ile unayoitazama ndiyo ya mwisho kabisa.

Tatizo linakuja hapa. Unajaza fomu ndefu ya maombi kwenye simu ya RAM ndogo. Unafika sehemu ya malipo, unatoka uende kulipa kwa simu, unasoma ujumbe, unajibu na WhatsApp mbili tatu. Ukirudi ukurasa unajipakia upya, mtupu! Haukufanya kosa lolote. Ulipotoka programu ikawa ya nyuma, mfumo ukahitaji nafasi, ukaondolewa. Kwa hiyo kabla ya kutoka, bonyeza hifadhi kama fomu inayo, au andika majibu marefu pembeni kwanza kisha unakili.

Na ile tabia ya kufuta programu zote kila dakika ili simu iwe nyepesi, punguzeni. Zile za nyuma nyingi zimelala tu, na RAM ikihitajika mfumo unaziondoa wenyewe. Ukizifuta zote, kila ukifungua moja inazaliwa upya toka mwanzo, na hiyo inakula chaji zaidi.

SASA UFANYE NINI UKIWA KAFE?

1. Hifadhi kabla hujaandika. Fungua hati, ipe jina, iweke kwenye flashi au kwenye barua pepe yako. Kisha Ctrl+S kila aya. Kilichoko kwenye RAM sio chako mpaka kifike kwenye diski.

2. Ikiganda toa mkono kwenye kipanya. Kila unachobofya kinaingia kwenye foleni, na baadaye vyote vitatekelezwa kwa mpigo. Angalia taa ya diski. Ikiwaka sana, ngoja dakika mbili tatu.

3. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc. Kama iliyoganda inaonyesha CPU 0 na diski imefika juu kabisa, hiyo inasubiri. Kama inakula CPU bila kupumzika, huenda inazunguka kwenye kitanzi. Kwenye prosesa ya viini vinne, mchakato mmoja uliokwama hivyo mara nyingi utauona kwenye asilimia 25.

4. Funga wengine kwanza. Yule unayemhitaji awe wa mwisho kuguswa. Miziki, michezo na kurasa za aliyekutangulia ndizo ziondoke.

5. Ikibidi kuua, ua programu moja tu, kisha ifungue tena hapo hapo uone kama ina nakala ya dharura. Usizime kompyuta ya kafe kabla ya kufanya hivyo! Na kwa ndugu zangu wa kaunta: muulize mteja kwanza, "umehifadhi?"

6. Ukiondoka, toka kwenye akaunti yako. Kufunga dirisha sio kutoka. Michakato mingine inabaki nyuma, na hata ikifa yote, tovuti bado inakukumbuka kupitia mafaili iliyoacha kwenye diski. Anayekaa baada yako anafungua anakuta barua pepe zako zimekaa kama meza ya harusi.

Wadau, kwa leo naishia hapa. Mimi sio mhandisi, ni kijana wa Tukuyu niliyesoma kwa kujitegemea baada ya kumharibia mtu siku yake. Yule dada sijamuona tena. Kama kwa bahati anasoma hapa, nasema samahani dada yangu, nilikuwa sijui. Sasa najua, na nimeona bora tujue wote.

Kama kuna mahali nimeteleza, wataalamu nirekebisheni. Na wewe uliyewahi kupoteza kazi kwa namna hii, tupe kisa chako hapo chini, tujifunze wote.